Home na homes: kuzifikia folda za watumiaji kwenye NAS ya nyumbani kutoka Linux

SWALI: Nyumbani kwetu Njiro, Arusha, tuna NAS ya Synology (kisanduku cha kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima kupitia mtandao) yenye diski mbili, tumeichomeka kwenye ruta. Watumiaji ni watatu: mimi (neema), mume wangu (elia) ambaye ni dereva wa watalii na huhifadhi humo picha za safari, na mtoto wetu wa sekondari (junior). Wao wanatumia Windows, mimi natumia Linux Mint. Nikifungua NAS naona folda mbili, home na homes. Homes inanikatalia. Home inafunguka, lakini hata nikitaka kuingia kwa jina la Elia ili nimtumie mgeni picha zake, bado naona vitu vyangu mwenyewe. Nikafuata maelekezo ya kutumia sudo mount: mafaili yalionekana, ila siwezi kuhifadhi chochote, yote ni ya root. Nakosea wapi?

JIBU: Dada Neema, shida zako tatu zina mzizi mmoja. Home haipo kwenye diski kama folda. Ni jina ambalo seva hulitafsiri kulingana na aliyebisha hodi. Akibisha Neema, home ni /volume1/homes/neema. Akibisha Elia, jina hilohilo la home linakuwa /volume1/homes/elia. Homes ndiyo folda halisi, ile iliyobeba folda za watu wote watatu, na kwa kawaida inawafungukia wasimamizi wa kifaa peke yao. Kwa hiyo iliyokukatalia imefanya kazi yake sawasawa.

Ukilishika hilo, mengine yanafunguka. Unapogusa faili la kwenye NAS ukiwa Linux, swali la "wewe ni nani" linaulizwa sehemu tatu tofauti. Kwanza seva inakuuliza, nawe unajibu kwa jina la mtumiaji na nywila. Pili NAS inaangalia ruhusa za folda yenyewe: mtu huyu tuliyemtambua anaruhusiwa kugusa hapa? Tatu kompyuta yako mwenyewe inauliza: faili hili tulihesabu ni la nani kati ya watumiaji wa hapa? Homes ilikukatalia kwenye swali la pili. Kuona vitu vyako ukidhani umeingia kama Elia ni swali la kwanza. Mafaili ya root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux, ni swali la tatu. Watu wengi huhangaika siku nzima wakibadilisha ruhusa kwenye NAS wakati tatizo liko kwenye kompyuta, au kinyume chake.

Kabla ya yote, hakikisha huduma ya folda binafsi imewashwa. Ingia kwenye NAS kupitia kivinjari kama msimamizi, fungua "Control Panel", kisha "User & Group", kichupo cha "Advanced", shuka mpaka "User Home" uone kama "Enable user home service" imetiwa tiki. Kwako imewashwa, maana home inafunguka. Nimeiandika kwa ajili ya wasomaji ambao wakitafuta home hawaioni kabisa.

Sasa tupime swali la kwanza peke yake, bila kuchanganya na mengine. Fungua terminali, uweke programu mbili:

sudo apt install cifs-utils smbclient

Kisha, nikichukulia kwamba anwani ya NAS yenu ni 192.168.1.50 (weka ya kwenu):

smbclient -L //192.168.1.50 -U neema
smbclient //192.168.1.50/home -U elia -c 'ls'

Amri ya kwanza inaorodhesha folda zote ambazo NAS inazitangaza. Ya pili inaingia home kwa jina la Elia na kuonyesha kilichomo. Mwambie Elia aandike nywila yake mwenyewe. Hapo utaziona picha za Elia, na hapo ndipo utajua kwamba NAS haina tatizo lolote na wewe. Kilichokuwa kinakurudisha kwenye vitu vyako ni programu ya Mint ya kufungulia folda. Siku ya kwanza ulipoingia, ulikubali nywila ikumbukwe, ikawekwa kwenye hifadhi ya funguo ya kompyuta. Tangu hapo kila ukibofya home, kompyuta inabisha hodi kwa niaba yako kwa jina la neema bila kukuuliza. Fungua programu inayoitwa "Passwords and Keys", tafuta mstari wenye anwani ya NAS, uufute, kisha ondoa muunganisho uliopo kwa alama ya kutoa iliyo pembeni ya jina la NAS. Ukifungua tena utaulizwa jina upya. Safari hii chagua nywila isahaulike mara moja.

Smbclient ina faida nyingine: makosa yake yana majina yanayoeleweka. NT_STATUS_LOGON_FAILURE maana yake jina au nywila si sahihi. NT_STATUS_ACCESS_DENIED maana yake umetambuliwa, ila huna ruhusa hapo. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME maana yake folda ya jina hilo haipo, yaani umekosea herufi au huduma ya home imezimwa. Ukiipata hiyo ya pili kwenye homes, usirudie kuandika nywila. Nywila yako iko sawa. Na usirudie-rudie nywila mbovu pia, kwa sababu Synology ina kinga inayoifungia anwani ya kompyuta ikikosea mara nyingi ndani ya muda mfupi. Ukishafungiwa, hata nywila sahihi haikusaidii mpaka msimamizi akutoe kwenye orodha, iliyo chini ya "Security".

Tuje kwenye kupachika folda, ile kazi ya amri ya mount. Kuna watu watakwambia kufungua kwa programu ya folda kunatosha. Kwa kusoma barua na kuangalia picha mbili tatu, ndiyo. Lakini folda iliyofunguliwa hivyo inakaa kwenye njia ndefu ya namna hii:

/run/user/1000/gvfs/smb-share:server=192.168.1.50,share=home

Programu nyingi za kuhariri picha, programu za bakapu na amri za terminali zinaisumbukia njia hiyo, na ukitoka kwenye akaunti yako inapotea. Kwa mtu anayeshughulika na picha za wageni kila wiki, pachika.

Sababu ya kuona kila kitu ni cha root ni hii. Itifaki ya SMB, yaani lugha ambayo kompyuta na NAS hutumia kubadilishana mafaili, katika hali ya kawaida hailetei kompyuta yako taarifa ya kwamba faili ni la mtumiaji namba fulani wa Linux. NAS inajua "elia" na "neema". Kompyuta yako inajua namba tu. Kwa kuwa aliyeandika mount ni sudo, na hukusema mafaili yahesabiwe ya nani, kerneli (kiini cha Linux) imeyaandika yote kuwa ya root, na wengine wanasoma tu. Ndiyo maana uliyaona na hukuweza kuhifadhi. Jaribio la kurekebisha kwa chown litakataliwa au halitabadilisha kitu, na chmod haitabadilisha kitu cha maana. Umiliki unapangwa wakati wa kupachika, basi.

Andika amri ya id kwenye terminali, uone namba yako ya mtumiaji (uid) na ya kikundi (gid). Mtumiaji wa kwanza wa Mint huwa na uid=1000 na gid=1000; kama zako ni nyingine, tumia hizo. Tengeneza mahali pa kupachikia na faili la siri:

sudo mkdir -p /mnt/nas/neema
sudo nano /root/.nas-neema

Ndani ya faili hilo weka mistari miwili:

username=neema
password=nywila-yako

Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya =. Hifadhi, kisha lifunge lisisomwe na mwingine:

sudo chmod 600 /root/.nas-neema

Nasisitiza faili hili kwa sababu mbili. Nywila ukiiandika kwenye amri yenyewe inabaki kwenye historia ya terminali, na ukiiandika kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya vitu vya kupachikwa, inasomwa na kila mtumiaji wa kompyuta hiyo. Isitoshe, nywila yenye mkato ndani yake inaivuruga amri, kwa kuwa mkato ndio unaotenganisha vipengele vya mount. Ndani ya faili la siri mkato hauna madhara.

Sasa pachika:

sudo mount -t cifs //192.168.1.50/home /mnt/nas/neema -o credentials=/root/.nas-neema,uid=1000,gid=1000,file_mode=0600,dir_mode=0700

Uid na gid ndizo zinazosema mafaili yahesabiwe yako. File_mode na dir_mode zinaamua mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyohiyo aone nini. 0600 na 0700 zinamfungia kila mtu isipokuwa wewe. Lakini kumbuka hizi ni ruhusa za upande wa kompyuta yako tu. Hata ukiandika 0777, kama NAS imesema neema hana ruhusa ya kuandika, hutaandika. Jaribu:

touch /mnt/nas/neema/jaribio.txt

Ikikubali, umemaliza sehemu ngumu. Ikikataa, au mount yenyewe ikigoma, soma namba ya kosa, na mara zote angalia pia sudo dmesg | tail, kwa sababu mount hutoa namba kavu na kerneli ndiyo inayoeleza.

Namba 13, "Permission denied", ni swali la kwanza au la pili: nywila, au ruhusa. Dmesg ikitaja STATUS_LOGON_FAILURE rudi kwenye faili la siri, mara nyingi kuna nafasi iliyojificha au jina limekosewa. Namba 2, "No such file or directory", ni jina la folda au njia iliyo chini yake. Ukiambiwa "bad option" pamoja na maneno ya kutafuta programu saidizi ya mount, cifs-utils haijawekwa. Namba 115 au kusubiri kusikoisha ni njia imezibwa: NAS imezimwa, anwani imebadilika, uko kwenye waifai ya wageni ambayo ruta inaitenga na mtandao wa ndani, au ukuta wa moto unaziba poti 445 inayotumiwa na SMB.

Namba 112, "Host is down", inastahili maelezo yake, kwa sababu inawapotosha watu. NAS inawaka, taa zake zinapepesa, ping inajibu, halafu Linux inasema imezimwa. Mara nyingi ni suala la toleo la SMB. NAS za zamani zinajua SMB1 peke yake, na kerneli ya Linux kuanzia toleo 4.13 la mwaka 2017 iliacha kuanza na SMB1. Samba nayo, programu ya SMB ya Linux, kuanzia toleo 4.11 la mwaka 2019, haizungumzi SMB1 mpaka uiamuru. Sababu ni nzito: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows. Utakuta ushauri wa kuongeza vers=1.0 kwenye amri, na kweli kosa linaondoka. Mimi nakushauri uanze kwenye NAS yenyewe: "Control Panel", "File Services", "SMB", "Advanced Settings", uweke toleo la juu kabisa kuwa SMB3 na la chini SMB2. Kifaa kisichoweza zaidi ya SMB1 kimefika mwisho wa kuaminiwa na kumbukumbu za familia.

Kama kila kitu kimekubali, ifanye ijipachike yenyewe. Ondoa kwanza uliyoipachika kwa mkono:

sudo umount /mnt/nas/neema

Fungua /etc/fstab kwa sudo nano, uongeze mstari huu mmoja, usiukate katikati:

//192.168.1.50/home /mnt/nas/neema cifs credentials=/root/.nas-neema,uid=1000,gid=1000,file_mode=0600,dir_mode=0700,_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60,x-systemd.mount-timeout=15 0 0

Kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl restart remote-fs.target

Hivyo vipengele vya mwisho si mapambo. Umeme ukikatika na kurudi, ruta, NAS na kompyuta haziamki pamoja. NAS ya diski mbili huchukua dakika kadhaa kukagua diski zake na kuwasha huduma, na kompyuta yako inakuwa imeshawaka zamani. Bila nofail, kompyuta inaweza kukwama katikati ya kuwaka ikiisubiri NAS, na mara nyingine ikakutupa kwenye hali ya dharura yenye maandishi meupe tu. X-systemd.automount inaahirisha kupachika mpaka pale utakapoigusa folda. Idle-timeout inaiachia folda baada ya sekunde 60 bila kutumika, hivyo ukibeba kompyuta kwenda mjini haibaki ikitafuta kifaa kilichobaki Njiro. Mount-timeout inaizuia isisubiri zaidi ya sekunde 15.

Mambo mawili ya pembeni kuhusu mstari huo. Ipe NAS anwani isiyobadilika kwenye ruta, kwenye ukurasa wa DHCP, kwa kuifunga anwani na namba ya MAC ya NAS. La sivyo siku moja umeme ukirudi 192.168.1.50 itakuwa simu ya Junior. Na kama folda ina nafasi kwenye jina lake, kwenye fstab nafasi inaandikwa \040. Folda ya "Picha za Tarangire" itaandikwa Picha\040za\040Tarangire. Ukiacha nafasi wazi, fstab inadhani neno la pili ni mahali pa kupachikia.

Kuna hatari moja ya kimyakimya. Kama NAS haijapachikwa na programu fulani ikaandika kwenye /mnt/nas/neema, mafaili yanaingia kwenye diski ya kompyuta yako. Utadhani umeweka bakapu, kumbe umejaza diski ya ndani, na NAS ikipachikwa juu yake mafaili hayo hayaonekani tena mpaka uiondoe. Zuia hivi, wakati folda haijapachikwa (kama mstari wa fstab umeshauwasha, simamisha kwanza kwa sudo systemctl stop mnt-nas-neema.automount na sudo umount, kisha uuwashe tena kwa start):

sudo chattr +i /mnt/nas/neema

Kwenye diski ya ext4, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Mint, folda inakuwa haipokei kitu chochote isipokuwa imefunikwa na NAS. Kupachika kunaendelea kama kawaida.

Sasa picha za Elia. Kitaalamu unaweza kutengeneza /root/.nas-elia na mstari wa pili wenye //192.168.1.50/home ileile lakini mahali pa kupachikia pawe /mnt/nas/elia. Linux inakubali kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Windows ndiyo inayogoma, ndiyo maana Elia akijaribu upande wake ataambiwa afunge muunganisho wa kwanza. Unaweza pia kutumia akaunti ya usimamizi, ukapachika //192.168.1.50/homes/elia au homes nzima.

Nakuomba usifanye hiyo ya pili. Akaunti ya usimamizi ikikaa kwenye kompyuta ya kila siku, programu moja mbovu utakayoifungua kwa bahati mbaya inaweza kufuta au kufunga kwa nywila mafaili ya watu wote watatu kwa mkupuo mmoja. Na Junior ni mtoto wa sekondari. Aliambiwa folda ile ni yake. Mzazi ana haki ya kujua mtoto anafanya nini, lakini afadhali iwe kwa kukaa naye mezani kuliko kwa njia ya siri ya fstab.

Picha za wageni ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo zinastahili mahali pa watu wawili. Kwenye NAS, "Control Panel", "Shared Folder", "Create", itengeneze folda iitwe wageni. Neema na elia wapewe kusoma na kuandika, junior asipewe. Elia ahamishie humo picha za wateja, na folda yake ya home ibaki na mambo yake. Upande wako ni mstari uleule wa fstab, badilisha home iwe wageni na mahali pawe /mnt/nas/wageni, kwa faili la siri lilelile la neema. Baadhi ya picha zilizohamishwa zikikataa kufunguka kwako, zimebeba ruhusa zake za zamani. Msimamizi afungue "File Station", abofye kulia folda ya wageni, "Properties", "Permission", atie tiki "Apply to this folder, sub-folders and files", ahifadhi.

Mtego mmoja hapa: watu humwambia Elia akupe ruhusa kwenye folda moja iliyo ndani ya home yake. Ruhusa inakubali, lakini hufiki. Ukiandika home unapelekwa kwako, na ukipita homes mlango wa nje umefungwa. Utakuwa na ufunguo wa chumba bila ufunguo wa nyumba.

Huenda umeambiwa Linux inafaa itumie NFS, itifaki nyingine ya kushiriki folda, kuliko SMB. Kwa folda za pamoja zisizo na siri, NFS ni nyepesi na nzuri. Kwa folda binafsi, siishauri nyumbani. Kwanza, NFS haina home. Ina njia halisi tu, /volume1/homes, utakayoiona kwa showmount -e 192.168.1.50. Pili, katika hali yake ya kawaida NFS haiulizi nywila. Inaamini namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta. Kwenye Synology, akaunti ya admin ni namba 1024, guest ni 1025, na watumiaji unaowatengeneza wanaanzia 1026. Kwako wewe ni 1000. Namba hazikutani, ndiyo maana watu wakipachika homes kwa NFS wanakuta mafaili ya mtu asiye na jina, "1026", na hawayagusi. Wengine hutatua kwa kuchagua "Map all users to admin" kwenye kipengele cha "Squash". Hapo kila anayeingia anakuwa admin, na maana yote ya kuwa na folda binafsi imekufa. Na hata namba zikikutana, yeyote mwenye sudo kwenye kompyuta iliyoruhusiwa anaweza kujipa namba ya mwingine.

SSHFS, yaani kupachika folda kupitia muunganisho uliosimbwa wa SSH, ni njia ya tatu, na ni nzuri kwa kazi ya mara moja. Msimamizi anawasha SFTP kwenye "File Services", chini ya "FTP", kisha wewe:

sudo apt install sshfs
mkdir ~/nas
sshfs neema@192.168.1.50:/home ~/nas

Zingatia njia ni /home, si /volume1/homes/neema, kwa kuwa SFTP ya Synology inaonyesha folda za pamoja kuanzia mzizi. Ukimaliza, fusermount -u ~/nas. Ina mwendo wa polepole kuliko SMB kwa sababu kila kitu kinasimbwa, lakini huhitaji kuhangaika na uid: hata mafaili yakionekana ya namba nyingine, NAS ndiyo inayoamua unachoweza kuandika.

Kwa msomaji aliyejijengea seva mwenyewe kwa Samba, utaratibu uko karibu na huu, ila jina linatofautiana. Kwenye /etc/samba/smb.conf kuna sehemu maalumu:

[homes]
   browseable = no
   read only = no
   valid users = %S
   create mask = 0600
   directory mask = 0700

Hapa unaingia kwa jina la mtumiaji, //seva/neema, wala si //seva/home. Mfano unaokuja na Samba ya Debian na Ubuntu umewekwa read only = yes, na wengi wanaosema "naona ila siandiki" wamesahau mstari huo. Nywila ya Samba ni tofauti na ya Linux; iwekwe kwa sudo smbpasswd -a neema, kisha kagua faili kwa testparm kabla ya kuwasha upya.

Kuhusu mwendo: angalia waya. Ruta nyingi za bei nafuu zina poti za megabiti 100, ambazo kwa vitendo hutoa takriban megabaiti 11 kwa sekunde. Kadi ya kamera yenye gigabaiti 32 za picha itachukua kama dakika 48. Poti za gigabiti zikifika megabaiti 110 kwa sekunde, ni dakika 5 hivi. Elia akirudi na kadi tatu za Ngorongoro hiyo tofauti utaiona. Swichi ndogo ya gigabiti kati ya NAS na kompyuta inatosha. Si lazima kubadilisha ruta, mradi vifaa vyote viwili na nyaya zake ni vya gigabiti. Kunakili mafaili mengi tumia:

rsync -rtv --progress /media/neema/KADI/ /mnt/nas/wageni/2025-tarangire/

Nimeacha -a makusudi, kwa sababu inajaribu kunakili ruhusa na vikundi ambavyo SMB haivipokei, nawe utajaziwa makosa yasiyo na maana. Ikikatika katikati, rudia amri ileile. Mafaili yaliyokwisha kufika yatarukwa.

Elia akiwa porini na kutaka picha zake, usifungue poti 445 kwenye ruta kuelekea intaneti, wala ukurasa wa usimamizi wa NAS. Januari 2022 programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilifunga mafaili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na wamiliki wakadaiwa fedha. Weka VPN, kwa mfano WireGuard, aingie kwanza kwenye mtandao wa nyumbani kisha ndipo abishe hodi kwenye NAS.

Na siku utakapobadilisha nywila yako ya NAS, anza kwenye kompyuta: simamisha folda kwa sudo systemctl stop mnt-nas-neema.automount, fanya hivyohivyo na mnt-nas-wageni.automount, kisha uziondoe zote mbili kwa sudo umount kama bado zimepachikwa. Badilisha nywila kwenye NAS, iandike kwenye /root/.nas-neema, ndipo uziwashe tena kwa start. Ukianza upande wa NAS, kila programu itakayoigusa folda itabisha hodi kwa nywila ya zamani, na ile kinga niliyoitaja juu itakufungia nje ya nyumba yako mwenyewe.